Uwanja Usio na Jengo: Umutomboko, Ufukwe wa Mweru na Dhana ya Jukwaa katika Uhakiki wa Sanaa za Maonyesho

Ikisiri

Uhakiki wa sanaa za maonyesho katika Kiswahili umelikubali jukwaa lisilo na kuta kinadharia, lakini katika utendaji wake umeendelea kuhesabu majumba. Makala hii inaichunguza kasoro hiyo kwa kuangalia eneo la Mofwe, Mwansabombwe na Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ambako onyesho kubwa kuliko yote, yaani Umutomboko wa Mwata Kazembe, halifanyiki katika ukumbi. Hoja ya msingi ni kwamba Umutomboko hauna uwanja mmoja, bali una mfululizo wa mahali: makaburi ya wahenga, mto, njia na uwanja wa ngoma. Kila mahali hapo pana hadhira yake na masharti yake. Kwa sababu hiyo, mhakiki anayeutazama uwanja wa mwisho peke yake huiona nusu ya tendo. Makala inaulinganisha uwanja huo na vyombo vingine vya maonyesho vilivyopita katika eneo hilo au vilivyobebwa na watu wake: gari la sinema, ngoma ya Mbeni na Kalela, na jukwaa la Chikwakwa. Inahitimisha kwa kupendekeza maswali matatu ambayo uhakiki unapaswa kuyauliza kuhusu mahali popote pa onyesho.

Maneno makuu: uwanja, jukwaa, hadhira, Umutomboko, Mwata Kazembe, Ziwa Mweru

1.0 Utangulizi

Mtu akiulizwa aorodheshe majumba ya maonyesho ya Zambia, ataanza Lusaka kwa Playhouse, kisha atakwenda Kitwe na miji mingine ya migodi ambako jamii za Wazungu zilijijengea kumbi ndogo za tamthilia zama za ukoloni. Akifika Luapula, kalamu itasimama. Nchelenge ni mji wa wavuvi. Kashikishi, iliyopakana nao, inajulikana kwa soko la samaki. Mwansabombwe ni makao ya Mwata Kazembe, kando ya bonde la Luapula na rasi ya maji ya Mofwe. Katika orodha ya majumba, eneo hili lote ni tupu.

Utupu huo hautokani na ukosefu wa maonyesho. Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Julai, maelfu ya watu hukusanyika Mwansabombwe kumtazama Mwata akicheza ngoma ya ushindi. Wanakuja wenyeji wa ufukwe wa Mweru, jamaa waliohamia mijini, wageni wa serikali na watu wa upande wa pili wa maji, ambako ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Onyesho lenye hadhira kubwa kiasi hicho haliwezi kusemwa kuwa halina mahali. Kinachopungua ni jina la mahali hapo katika msamiati wa mhakiki.

Suala hili linawahusu wasomi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria: wasemaji wa Kiswahili walikuwa sehemu ya hadhira ya baraza la Kazembe tangu karne ya 19, na hadi leo Kiswahili cha Katanga ni lugha ya mawasiliano katika ng'ambo ya ziwa. Ya pili ni ya kinadharia, nayo ndiyo nzito zaidi. Nadharia ya sanaa za maonyesho iliyojengwa kwa Kiswahili ilidai tangu mwanzo kwamba uwanja si lazima uwe jengo. Mofwe ni mahali pazuri pa kupima iwapo dai hilo limetekelezwa.

2.0 Uwanja katika nadharia, jengo katika mazoea

Katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitaja mambo manne yanayofanya tendo liwe sanaa ya maonyesho: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Umuhimu wa orodha hiyo ulikuwa katika kile ilichokiacha. Haikutaja pazia, taa, tiketi wala hati iliyochapishwa. Kwa hatua hiyo wataalamu hao waliupa uhakiki wa Kiswahili njia ya kujibu shaka iliyoenea wakati ule, ambayo Ruth Finnegan aliieleza katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, kwamba huenda drama kwa maana iliyozoeleka Ulaya haikuwa imeenea sana katika bara hili.

Hata hivyo, kati ya mambo hayo manne, uwanja ndio uliotendewa kwa haraka zaidi na waandishi waliofuata. Dhana ilichambuliwa kama maudhui. Mtendaji alichambuliwa kama fanani. Watazamaji walipewa nafasi kubwa katika mijadala ya ukumbi shirikishi na sanaa kwa maendeleo. Uwanja ulibaki kuwa neno la kujaza nafasi: kwamba tendo hufanyika mahali fulani, iwe kilingeni, chini ya mti au ukumbini. Kwa kuvitaja vitu hivyo kana kwamba vinaweza kubadilishana nafasi, uhakiki uliuondolea uwanja uwezo wake wa kutenda.

Ilhali historia inaonyesha kwamba wenye mamlaka hawajawahi kudhani kuwa mahali ni kitu kisicho na nguvu. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi. Tamthilia yao ilipigwa marufuku mwaka huohuo, lakini serikali haikutosheka na kuifungia hati; mwaka 1982 ilituma watu walibomoe jukwaa lenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeshiriki katika kazi hiyo, baadaye aliandika kwa kirefu kuhusu ugomvi kati ya dola na msanii juu ya nafasi ya kutendea. Zaidi ya miongo minane kabla ya hapo, mwaka 1899, majeshi ya Waingereza yaliuchoma mji wa Mwata Kazembe ili kuikomesha jeuri ya mfalme aliyekataa kutawaliwa. Mji ule haukuwa makazi tu. Ulikuwa mahali ambapo mamlaka yalionekana. Aliyeuteketeza alielewa jambo ambalo mhakiki wa leo husahau: mahali pa onyesho ni sehemu ya onyesho.

3.0 Ua wa musumba na wageni wake

Kabla ya mji huo kuchomwa, makao ya Kazembe hayakuwa na eneo moja la kudumu. Musumba, yaani mji wa mfalme, ulihamishwa mara kwa mara pembezoni mwa Mofwe kadiri Mwata mmoja alivyofuata mwingine. Wageni walioufikia katika nyakati mbalimbali waliukuta mahali tofauti, lakini walieleza mpangilio unaofanana. Msafara wa Mreno Lacerda ulifika mwaka 1798, na kiongozi wake akafia huko. Gamitto alifika mwaka 1831 akaandika maelezo marefu kuhusu adabu za baraza. David Livingstone aliingia mwezi Novemba 1867 na kueleza ua wa mraba wenye urefu wa takriban yadi 300 kwa 200, uliozungushiwa ukuta wa matete, ambamo Mwata alimpokea hadharani akiwa amezungukwa na wakuu wake.

Maelezo haya yamesomwa kama ushahidi wa siasa na biashara. Yakisomwa kama maelezo ya jukwaa, yanasema jambo jingine. Mgeni hakuwa mtazamaji huru. Alipangiwa pa kuketi, alisubirishwa, aliitwa, alitazamwa. Waliokusanyika walikuja kumwona mgeni kama vile mgeni alivyokuja kumwona mfalme. Ua wa matete uligawa watu kwa cheo na kwa ukaribu, na mgawanyo huo ndio uliokuwa maana ya mkutano. Uwanja wa namna hii hausubiri tendo lianze. Mpangilio wake ni tendo tayari.

Livingstone hakumkuta Mwata akiwa na wenyeji pekee. Katika mji huo aliishi Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa huko kwa miaka mingi, na Waswahili wengine walipita njia hiyo wakitafuta pembe na shaba. Tippu Tip, katika tawasifu aliyoiandika kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu na ambayo Heinrich Brode aliitoa katika hati za Kirumi mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza vita vyake na Nsama katika nchi ya Itabwa, kaskazini-mashariki mwa Mweru. Kwa hiyo nchi hii imo katika maandishi ya awali ya nathari ya Kiswahili. Lakini imo kama nchi ya pembe, njaa, bunduki na mateka. Macho ya mfanyabiashara yalihesabu frasila. Ngoma na baraza hazikuwa bidhaa. Uhakiki wa Kiswahili ulirithi maandishi hayo pamoja na upofu wake, na ni haki kusema kwamba haujafanya juhudi kubwa ya kuuponya.

4.0 Umutomboko: mahali panne, tendo moja

Umutomboko kama unavyojulikana leo ulianza mwaka 1971, wakati wa Mwata Kazembe XVII, Paul Kanyembo Lutaba. Ngoma yenyewe ni ya kale zaidi: ilichezwa na wafalme wa Walunda kuadhimisha ushindi. Kilichofanyika mwaka 1971 ni kuipa tarehe, kuifanya ya kila mwaka na kuifungua kwa umma. Robert Cancel, aliyeuchunguza sherehe hii kwa muda mrefu, ameijadili kama mahali ambapo kuthibitisha mila na kuibuni mila hukutana. Hoja hiyo inapaswa kukubaliwa mapema ili isije ikatumiwa vibaya. Kusema kwamba sherehe ilipangwa upya mwaka 1971 si kusema kwamba ni ya uongo. Kila utendaji hupangwa upya na wanaoutenda. Swali la uhakiki ni kwamba upangaji huo umefanya nini na mahali.

Siku kuu ya Umutomboko ina safari ndani yake. Mwata hupakwa unga mweupe na kuzuru mahali pa kuwakumbuka wahenga. Kisha hushuka hadi mto Ng'ona, ambako hutupa chakula na kinywaji majini kwa kuwakumbuka Chinyanta na Kasombola, jamaa wa ukoo ambao masimulizi husema walizamishwa mtoni kabla Walunda hawajafika Luapula. Baadaye hubebwa kwa machela hadi uwanjani, huku ngoma zikilia na mondo, ile ngoma ya gogo iliyochongwa, ikisema kwa sauti ya lugha. Uwanjani wakuu na jamaa hutangulia kucheza. Hatimaye Mwata mwenyewe huingia, akiwa amevaa mukonso, vazi pana la kitambaa lililokunjwakunjwa kiunoni, na kushika upanga na shoka. Mwishoni huelekeza upanga juu mbinguni na chini ardhini, ishara inayofasiriwa kuwa hakuna kilicho juu yake isipokuwa Mungu aliyemuumba na udongo utakaompokea.

Sehemu nne zinaonekana hapa: makaburi, mto, njia na uwanja. Kila moja ina kanuni yake ya nani awepo. Makaburini hadhira ya kwanza ni wafu, na walio hai ni wasindikizaji. Mtoni hadhira imo majini. Njiani hakuna mstari kati ya mtendaji na mtazamaji, kwa kuwa anayeimba kando ya machela ni sehemu ya msafara. Uwanjani peke yake ndipo panapotokea mgawanyo unaofahamika na mhakiki aliyelelewa ukumbini: anayecheza katikati, wanaotazama pembeni.

Hapo ndipo kosa linapoingia. Kwa kuwa uwanja unafanana na jukwaa, maelezo mengi ya Umutomboko huanza na kuishia hapo. Makaburi na mto huwa utangulizi, kama maandalizi ya mwigizaji nyuma ya pazia. Lakini ishara ya mwisho ya upanga haieleweki bila mto. Mwata anayeelekeza upanga ardhini ni yuleyule aliyekuwa akiwalisha waliozama saa chache kabla. Ushindi unaochezwa alasiri una deni lililotambuliwa asubuhi. Mtazamaji aliyeona uwanja tu huona mfalme anayejitukuza. Aliyefuata safari yote huona mfalme anayekiri kwamba enzi yake ilianza kwa maji kuchukua watu wake.

Kuna deni jingine ambalo uwanja hauna budi kulibeba. Walunda walipofika, ziwa na bonde vilikuwa na wenyewe. Masimulizi ya Nachituti, ambayo David Gordon ameyafanya msingi wa kitabu chake cha 2006 kuhusu uchumi na mazingira ya Mweru na Luapula, yanaeleza jinsi mwanamke wa Washila, aliyeuliwa mwana na kaka yake Nkuba, alivyomwomba Kazembe alipize kisasi, na Nkuba alipouawa akamkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji. Kwa hiyo udongo ambao upanga unauelekea ulikabidhiwa kwa huzuni ya mama. Miongoni mwa wanaouzunguka uwanja wamo watu wa ufukwe wa ziwa ambao koo zao zinajihesabu upande wa Nkuba. Ngoma ya ushindi huchezwa mbele ya walioshinda na mbele ya wazao wa walioshindwa kwa pamoja. Hilo halipunguzi thamani yake. Linaipa uzito ambao hakuna kiti cha ukumbini kinachoweza kuutoa, kwa sababu mtazamaji hapa hakuja kutazama hadithi ya watu wengine.

5.0 Kilichokuja na kuondoka

Ili kuona jinsi mahali panavyotenda, inafaa kuulinganisha uwanja wa Mwansabombwe na vyombo vingine vya maonyesho ambavyo watu wa eneo hili walikutana navyo.

Cha kwanza ni gari la sinema. Kuanzia miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini ilipeleka magari vijijini yenye mashine ya filamu, na mwaka 1948 kikaundwa kitengo cha filamu cha Afrika ya Kati kwa ajili ya Rhodesia zote mbili na Nyasaland. Gari lilibeba umeme wake, kitambaa chake na mfasiri wake. Lilipofika, kiwanja cha mpira kiligeuka ukumbi wa sinema kwa usiku mmoja; lilipoondoka, kiliachwa kiwanja cha mpira. Mahali palikuwa pa kukodi. Charles Ambler ameonyesha jinsi watazamaji wa Kiafrika katika miji ya migodi walivyoifanya sinema iwe yao kwa kelele, maoni na mitindo ya mavazi waliyoiga kutoka kwa wachunga ng'ombe wa Marekani. Hadhira iliuteka muda wa onyesho. Haikuweza kuiteka mashine.

Cha pili kilisafiri upande wa pili. Wanaume wa Luapula walikwenda kwa wingi kufanya kazi katika migodi ya Katanga na Ukanda wa Shaba, na huko walikutana na ngoma zilizotokana na Beni, ambayo Terence Ranger (1975) aliifuatilia kutoka pwani ya Waswahili hadi bara, kupitia kwa askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika miaka ya 1950 J. Clyde Mitchell alieleza Kalela iliyochezwa Luanshya siku za mapumziko: wachezaji waliovaa nadhifu, kiongozi aliyeitwa mfalme, mwingine aliyevaa kama daktari, na mwanamke aliyevaa mavazi meupe ya muuguzi. Waliucheza ukumbi usiokuwepo. Walipewa kiwanja kitupu kati ya nyumba za makuli, nao wakakijaza vyeo ambavyo mji uliwanyima. Ni vema msomaji wa Kiswahili atambue hapa nasaba ya moja kwa moja: ngoma za Lamu na Mombasa zina wajukuu mgodini, na baadhi ya wajukuu hao walirudi nyumbani Luapula pamoja na mishahara na magonjwa ya mgodi.

Cha tatu ni Chikwakwa. Mwaka uleule wa 1971 ambao Umutomboko ulipata sura yake mpya, Chuo Kikuu cha Zambia kilianzisha jukwaa la wazi nje kidogo ya Lusaka. Jina lake ni la kifaa cha kufyekea nyasi, na lilitangaza nia yake: kusafisha nafasi kwa ajili ya tamthilia ya Kizambia, mbali na kumbi zilizokuwa zikiendeleza michezo ya Uingereza. Kutoka hapo wasanii walisafiri mikoani kuendesha warsha kwa lugha za wenyeji. Sadfa ya mwaka huo mmoja haijapewa uzito unaostahili. Wasomi mjini walikuwa wakifyeka nyasi ili kuupata uwanja wa wazi. Wakati huohuo mfalme wa Mofwe alikuwa akiupanga uwanja wa wazi aliokuwa nao. Wa kwanza walitafuta hadhira. Wa pili alikuwa na hadhira na alitafuta namna ya kuikaribisha nchi nzima. Historia ya ukumbi wa Zambia imeandikwa kwa kuanzia na wa kwanza. Haina sababu ya kuuacha wa pili nje ya sura hiyohiyo.

Ulinganisho huu unaonyesha tofauti tatu. Gari la sinema lilikuwa na chombo bila mahali. Kalela ilikuwa na hadhira bila haki ya mahali. Chikwakwa ilikuwa na mahali palipopatikana kwa nadharia. Mwansabombwe una mahali penye kumbukumbu, yaani mahali ambapo tendo la mwaka huu hulijibu tendo la mwaka uliopita.

6.0 Hatari ya uwanja kumeza safari

Haifuati kwamba uwanja huo uko salama. Sherehe za jadi nchini Zambia zimekuwa sehemu ya utalii wa taifa. Wageni rasmi hualikwa, viongozi wa serikali hutoa hotuba, makampuni ya biashara hudhamini, na vyombo vya habari hurekodi. Mambo haya yana faida ya kweli. Huleta fedha katika eneo ambalo uchumi wake hutegemea samaki, na uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Humpa kijana wa Kashikishi sababu ya kujua jina la mto Ng'ona. Mhakiki anayedai uwanja urudi kuwa ua wa matete anadai kitu ambacho wenyeji wenyewe walikiacha kwa hiari.

Tatizo ni la uwiano. Kamera inahitaji mahali pa kusimama, na uwanja ndio mahali rahisi. Mgeni rasmi anahitaji kivuli na kiti, na vyote viko uwanjani. Hotuba inahitaji kipaza sauti, na umeme uko uwanjani. Kwa hiyo kila kinachoongezwa huongezwa katika sehemu moja kati ya nne, na uzito wa siku huhamia huko kidogo kidogo bila mtu yeyote kuamua hivyo. Makaburi na mto havipungui kwa kukatazwa. Vinapungua kwa kutotazamwa. Ikifika siku ambapo Mwata atatoka machelani mbele ya hadhira isiyojua alikotoka asubuhi, ngoma itakuwa imebaki kamili katika hatua zake zote na itakuwa imepoteza nusu ya maana yake.

Kuna hadhira nyingine inayofundisha jinsi ya kuepuka hilo. Katika kitabu chake cha 2013 kuhusu usimulizi wa kaskazini mwa Zambia, Cancel alichapisha pamoja na maandishi picha za video za watambaji, wakiwemo Walunda na Wabwile wa pande za Mweru. Thamani ya kazi hiyo si hadithi peke yake. Ni kwamba msomaji anaona ua, watoto, kuku wanaopita, jirani anayeingilia kati kumsahihisha mtambaji. Kamera ileile inayoweza kuufinya Umutomboko ndani ya uwanja ina uwezo wa kuonyesha kwamba mahali pa utambaji ni nyumba nzima. Suala ni nani ameielekeza wapi, na kwa swali gani.

Ndivyo ilivyo pia kwa ufukwe wa Nchelenge. Mweru ni ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na usiku taa za wavuvi huonekana mbali juu ya maji. Soko la samaki, gati, njia ya boti za kwenda kisiwa cha Kilwa, makanisa yenye kwaya: vyote hivi vina mpangilio wa wanaosema na wanaosikiliza. Haitafaa kuviita vyote ukumbi kwa ukarimu wa kinadharia, maana neno linalobeba kila kitu halibagui chochote. Itafaa kuvipima.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kipengele cha uwanja, kilichowekwa na Muhando na Balisidya kama nguzo mojawapo ya sanaa za maonyesho, kimetumiwa kwa wepesi kuliko kinavyostahili. Ushahidi wa Mofwe unadai mhakiki aulize maswali matatu kuhusu mahali popote pa onyesho, liwe jumba la Lusaka au kingo za mto Ng'ona. La kwanza: nani anakaa wapi, na kwa amri ya nani? La pili: nani ana haki ya kuingia katikati? La tatu: watu wakishaondoka, kinabaki nini mahali hapo kitakacholijibu onyesho lijalo?

Kwa maswali hayo, jumba lenye taa na viti vya mahameli linaweza kukutwa maskini, na kiwanja cha vumbi kikakutwa tajiri. Kinyume chake pia kinawezekana. Kwa Umutomboko majibu yako wazi. Watu hukaa kwa mujibu wa ukoo na historia. Katikati huingia walioruhusiwa na wahenga kwanza, na Mwata huingia mwisho. Kinachobaki ni mto na makaburi, ambavyo havikunjwi wala kuhifadhiwa ghalani baada ya Julai.

Jukumu linalofuata ni la wasomi wa Kiswahili. Lugha hii ilifika Mofwe ikiwa na mizani ya pembe. Leo inazungumzwa kwenye ufukwe wa magharibi wa ziwa hilohilo na ina istilahi za kutosha za kuurekodi Umutomboko tangu makaburini hadi ishara ya mwisho ya upanga. Kitabu cha Kibemba Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, ambamo Mwata Kazembe XIV Chinyanta Nankula alihifadhi historia ya ukoo wake, kimepatikana kwa Kiingereza kwa tafsiri ya Ian Cunnison kwa zaidi ya nusu karne. Tafsiri yake ya Kiswahili, ikiambatana na uchunguzi wa mahali ambapo historia hiyo huchezwa, ingekuwa mwanzo mzuri kuliko orodha nyingine ya majumba.